Saa ya Kufika: Ushauri kwa Anayesafiri Peke Yake Mara ya Kwanza

Mwezi Juni mwaka 1325, kijana wa miaka 21 aliaga kwao Tangier, Morocco, akashika njia ya Makka kwenda kuhiji. Hakuwa na mwenzi wala msafara wa kufuatana nao. Njiani alishikwa na homa kali hata akajifunga kwenye tandiko la mnyama wake kwa kitambaa cha kilemba, asije akadondoka. Yote hayo aliyavumilia. Kilichomliza kilikuwa kingine. Alipofika Tunis pamoja na watu aliokutana nao safarini, wenyeji walitoka kuwalaki jamaa zao, wakapeana mikono na kuulizana hali, na yeye hakuna aliyemwamkia. Machozi yakamtoka mbele za watu. Msafiri mmoja aliyeiona hali yake akamsogelea, akamsalimu, akafuatana naye kwa maneno ya kumliwaza mpaka wakaingia mjini.

Kijana huyo ni Ibn Battuta, yule yule aliyekuja kulala Mombasa na kutembelea Kilwa mwaka 1331, na ambaye hakurudi kwao mpaka ilipotimia miaka 24. Wengi humtaja kwa umbali aliotembea. Anayefunga begi lake kwa mara ya kwanza bila mwenzi atafaidika zaidi na kisa kile cha Tunis, kwa sababu kinaonyesha mahali ugumu ulipo. Mtu akiwa njiani huwa na dereva, kondakta, abiria wa kiti cha pili na saa nyingi za kutazama dirishani. Taabu humngojea mlangoni pa basi: mzigo mkononi, simu inakaribia kuzima, watu kumi wanamwita kwa pamoja, na hajui kushoto ni wapi wala kulia ni wapi. Makosa mengi ya safari ya kwanza hufanyika katika saa hiyo moja. Ndiyo maana safari ya peke yake hupangwa vizuri zaidi ikianzia mwisho, yaani saa ya kufika, kisha ikarudishwa nyuma hadi siku ya kununua tiketi.

Jua kabla ya nauli

Katika nchi zilizo karibu na ikweta jua huzama karibu saa ile ile mwaka mzima. Dar es Salaam, Mombasa au Kampala, giza huingia kati ya saa 12 na saa 1 jioni, na huingia haraka. Kanuni ya kwanza inatoka hapo: msafiri mgeni na afike mahali papya kabla ya saa 10 alasiri. Saa mbili za mwanga zinazobaki zinamtosha kuitafuta nyumba ya wageni, kuikataa ikiwa haifai, kutafuta nyingine, kula, na kujua duka la karibu liko wapi. Anayefika saa 3 usiku hana nafasi ya kukataa chochote. Atalala popote atakapopelekwa, kwa bei yoyote atakayotajiwa.

Kanuni hiyo hubadilisha hata uchaguzi wa chombo. Tuchukue reli ya kisasa ya Kenya, iliyoanza kubeba abiria kati ya Nairobi na Mombasa mwaka 2017. Tangu Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida ni shilingi 1,500 za Kenya kwa safari nzima, bei inayowavuta wengi. Lakini stesheni ya Nairobi iko Syokimau na ya Mombasa iko Miritini, zote mbali na katikati ya mji. Anayeshuka Miritini usiku bado ana safari nyingine mbele yake kabla ya kuvuka kuingia kisiwani. Treni ya asubuhi, hata ikiwa husimama stesheni za njiani na kuchelewa kidogo, humfikisha mgeni wakati matatu ni nyingi na barabara inaonekana.

Upande wa Tanzania, treni ya umeme ya Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma iliyoanza kazi katikati ya mwaka 2024 imekuwa shule nzuri kwa anayejaribu kusafiri peke yake. Nauli iliyotangazwa wakati huduma ilipoanza ilikuwa shilingi 13,000 hadi Morogoro na 31,000 hadi Dodoma kwa daraja la kawaida. Kiti kina namba, muda wa kuondoka unajulikana, na hakuna haja ya kupigania begi na mtu yeyote. Mkazi wa Dar es Salaam anaweza kwenda Morogoro asubuhi, akatembea sokoni, akaitazama milima ya Uluguru, akala chakula cha mchana na kurudi jioni hiyo hiyo. Safari ya siku moja kama hiyo ni jaribio. Akigundua kwamba alisahau chaja, viatu vinambana, au huona aibu kukaa mezani peke yake, amejifunza kwa gharama ndogo.

Baada ya jaribio hilo, safari ya kwanza ya kweli iwe ya usiku mbili au tatu, mahali pamoja, penye usafiri wa moja kwa moja. Kuzunguka miji minne katika wiki moja kunamaanisha saa nne za kufika, na kila moja ina hatari zake.

Saa mbili katika tiketi moja

Kuna kosa ambalo msemaji wa Kiswahili hulifanya zaidi kuliko wasafiri wengine, nalo ni la saa. Sisi huhesabu saa kuanzia macheo na machweo. Tiketi za treni, feri na ndege huchapwa kwa saa za kimataifa. Tiketi iliyoandikwa 06:00 ni saa 12 asubuhi, na wako waliofika stesheni adhuhuri wakiwa wametulia kabisa. Inayosema 15:00 ni saa 9 alasiri. Msafiri azigeuze saa zote mapema, aziandike kwa hesabu aliyoizoea, kisha amwonyeshe mtu mwingine ahakikishe.

Ndege za usiku wa manane zina mtego zaidi. Tiketi ikisema saa 00:40 tarehe 15, huo ni usiku wa kuamkia tarehe 15. Msafiri anatakiwa awe uwanjani jioni ya tarehe 14. Akiondoka nyumbani jioni ya tarehe 15, ndege imeshapaa karibu siku nzima iliyopita.

Anayevuka mpaka kwenda Rwanda, Burundi au mashariki ya Kongo akumbuke pia kwamba huko saa ziko nyuma kwa saa moja kulingana na Tanzania, Kenya na Uganda. Na kwa Kigali kuna jambo jingine: asubuhi ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, ambapo maduka hufungwa na magari hupungua sana barabarani mpaka karibu saa 5 mchana. Mgeni anayeshuka na begi lake asubuhi hiyo asishangae kukosa pikipiki.

Peke yake, au na kundi?

Vijana wengi huamini kwamba kusafiri na kampuni ya utalii ni kwa waoga au kwa wageni kutoka Ulaya, na kwamba msafiri kamili hujitegemea. Wazazi nao huamini kinyume chake: kundi ni salama, upweke ni hatari. Wote wanasahau kuiuliza sehemu yenyewe inayokusudiwa.

Ziko sehemu ambako sheria imeshaamua. Mlima Kilimanjaro, wenye urefu wa mita 5,895, haupandwi bila mwongozaji mwenye leseni. Hata njia ya Marangu, yenye vibanda vya kulala vya Mandara, Horombo na Kibo, haimruhusu mtu kujiendea. Anayetaka kupanda peke yake ana mambo mawili ya kuchagua: kulipia msafara wake binafsi, ambao gharama zake zote zinamwangukia yeye, au kujiunga na kundi lenye tarehe maalumu na kugawana gharama hizo.

Ziko sehemu ambako hesabu ndiyo huamua. Serengeti kwa kawaida haitembelewi kwa miguu, na gari la kukodi la magurudumu manne hugharimu karibu sawa likibeba mtu mmoja au sita. Kwa Mtanzania au raia mwingine wa Afrika Mashariki, kiingilio cha hifadhi ni kidogo mno kulinganisha na anacholipa mgeni kutoka nje, kwa hiyo sehemu kubwa ya fedha yake humezwa na gari. Hapa kundi lina faida iliyo wazi. Lakini kwanza aulize majira. Kati ya Januari na Machi makundi ya nyumbu huwa kusini, maeneo ya Ndutu, wakizaa. Kuvuka mto Mara kule kaskazini huonekana zaidi kati ya Julai na Oktoba. Kampuni inayomwahidi mteja kuona mamba wakiwavizia nyumbu mtoni mwezi Februari imeshajieleza.

Na ziko sehemu ambako kundi halihitajiki kabisa. Mji Mkongwe wa Zanzibar, mji wa Lamu usio na magari, Bagamoyo, Lushoto: huko kila kitu kiko umbali wa miguu, wenyeji huongea Kiswahili, na kinachohitajika ni mwongozaji wa nusu siku tu. Msemaji wa Kiswahili ana utajiri ambao mtalii wa mbali hana. Anaweza kuuliza njia, kupatana bei, kusoma tangazo na kuelewa maneno yanayosemwa pembeni. Kununua kifurushi cha siku tano cha Zanzibar ili aonyeshwe soko la Darajani ni kulipia lugha anayoijua tayari.

Njia ya katikati ndiyo inayowafaa wengi, yaani kujitegemea kwa usafiri na malazi, kisha kununua siku moja ya mwongozaji pale penye haja. Ibn Battuta mwenyewe hakuendelea peke yake. Alipoondoka Tunis alijiunga na msafara wa mahujaji, na kwa kuwa alikuwa amesomea sheria wakamfanya kadhi wao. Baadaye katika maisha yake aliachana na misafara na kujiunga na mingine mara nyingi, kulingana na njia ilivyokuwa.

Mfano mkubwa zaidi wa safari za makundi kwetu ni wa Hija na Umra. Kwa wengi huo ndio usafiri wa kwanza kabisa wa nje ya nchi, na kwa baadhi ya wanawake ndio wa kwanza bila mume wala kaka, tangu Saudi Arabia ilipotangaza Oktoba 2022 kwamba mwanamke anaweza kwenda kuhiji bila maharimu. Uamuzi wa kidini juu ya jambo hilo unabaki kwa kila mmoja na wanazuoni wake. Kutoka kwa mahujaji kuna mazoea ambayo kila msafiri wa kundi angeyaiga. Jina la hoteli na namba ya kiongozi huvaliwa shingoni, haviachwi ndani ya simu. Kila asubuhi hutajwa mahali pa kukutana iwapo mtu atapotea, na mahali hapo huwa ni kitu kisichohama, kama lango lenye namba, si gari wala mtu aliyeshika bendera. Wazee hupewa mwenza wa kuwaangalia. Anayejiunga na kundi lisilo na utaratibu huo na autake.

Maswali kabla ya kulipa

Anayeamua kununua ziara aanze na leseni. Kampuni halali ya Tanzania ina leseni ya biashara ya utalii na usajili wa BRELA, wakala wa serikali wa kusajili kampuni. Ya Kenya husajiliwa na mamlaka ya udhibiti wa utalii ya nchi hiyo. Uanachama katika TATO, chama cha mawakala wa utalii Tanzania, au KATO cha Kenya, ni jambo la kuongeza imani, na majina ya wanachama yanaweza kuulizwa katika ofisi za vyama hivyo. Ukurasa wenye picha nzuri za simba si ushahidi wa kitu, kwa kuwa picha hunakiliwa kwa sekunde moja.

Kisha yafuate maswali, na majibu yake yaje kwa maandishi. Bei inajumuisha nini: usafiri, malazi, milo mingapi, kiingilio, maji ya kunywa? Nini hakimo: bakshishi ya dereva na wapagazi, bima, mlo wa njiani? Kundi litakuwa na watu wangapi, na wasipotimia safari itaahirishwa au itafanyika? Fedha zinarudishwa kiasi gani msafiri akiugua wiki moja kabla? Malipo yaende kwenye akaunti yenye jina la kampuni, yatolewe risiti, na yawe kwa awamu. Anayesisitiza alipwe yote leo kwa namba ya simu ya mtu binafsi, eti nafasi ni mbili tu zimebaki, aachwe na nafasi zake.

Swali moja huwahusu wanaokwenda peke yao zaidi ya wengine, nalo ni la chumba. Bei nyingi za matangazo huhesabiwa kwa watu wawili kulala chumba kimoja. Mwenye kwenda peke yake huongezewa fedha za chumba cha mtu mmoja, au hulazwa na mtu asiyemjua. Aulize mapema ni lipi kati ya hayo mawili, na kama atalazwa na mwingine, wa jinsia gani.

Gesti, ufunguo na kitabu cha wageni

Kwa anayejitegemea, usiku wa kwanza ulipiwe au angalau uwekwe ahadi kabla ya kuondoka. Usiku wa pili anaweza kujitafutia akiwa ameshaujua mji. Kupiga simu moja kwa moja kwenye nyumba ya wageni kuna faida kubwa: sauti ya mapokezi husema mengi. Aulize iko jirani na nini, lango hufungwa saa ngapi, maji yanatoka, na kutoka stendi kwa bodaboda ni kiasi gani. Swali hilo la mwisho ni silaha. Anayejua kwamba nauli ni 2,000 huitaja mwenyewe kabla ya kupanda, na mazungumzo huishia hapo.

Akifika, aombe kuona chumba kabla ya kulipa. Hakuna mhudumu anayekasirishwa na hilo. Ajaribu kitasa kwa ndani, aangalie komeo, dirisha, chandarua, na mwanga wa korido. Chumba cha ghorofa ya kwanza ni bora kuliko cha chini kinachotazama uchochoro. Kitabu cha wageni, kile kinachouliza jina, kabila, unakotoka na unakokwenda, kijazwe kwa ukweli lakini bila kumtangazia kila aliyesimama mapokezi. Mgeni aandike mwenyewe, asisomeshwe majibu yake kwa sauti. Namba ya chumba haitajwi kwa dereva wa bajaji wala kwa rafiki wa saa moja.

Kwa wanawake mambo haya hayana hiari, na yapo mengine. Gesti iliyojengewa baa chini yake ina kelele na wageni wa kila saa. Hosteli za parokia, nyumba za jumuiya za Kikristo na nyumba za wageni za familia katika miji ya Pwani huwa tulivu zaidi na mara nyingi si ghali. Ndani ya basi, kiti cha mbele karibu na dereva, au pembeni mwa mama mwenye mtoto, hupunguza usumbufu. Kwa treni yenye vyumba vya kulala kama ile ya TAZARA, ni kawaida wanawake na wanaume kutenganishwa, ila wale waliokata chumba kizima. Mtu akimganda na maswali, jibu la kwamba ndugu yake anamsubiri stendi halidhuru kitu. Na amani ya nafsi ichukuliwe kwa uzito: mwanamke akihisi kwamba dereva, mwongozaji au mwenye chumba si wa kuaminika, aondoke kwanza, adabu itafuata. Tanzania na Kenya zote hupokea simu za dharura kwa namba 112.

Fedha, karatasi na simu

Simu siku hizi imebeba mkoba, tiketi, ramani na ndugu. Ikiibwa, vyote vimeibwa. Kwa hiyo namba tatu za watu muhimu, jina la nyumba ya wageni na namba ya tiketi viandikwe kwenye karatasi na kuwekwa mahali pengine. Fedha zigawanywe: za matumizi ya siku mfukoni, zikiwa noti ndogo ndogo, akiba kwenye mtandao wa simu au benki, na kiasi cha nauli ya kurudi nyumbani kishonewe au kufichwa ndani ya begi, kisiguswe kwa sababu yoyote isipokuwa kurudi. Nauli hiyo ya kurudi humpa msafiri uhuru wa kuikataa hali yoyote mbaya.

Anayevuka mipaka atazame karatasi mwezi mmoja kabla. Raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wamekuwa wakivuka kati ya nchi hizo kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014, lakini anayeingia au kutoka Tanzania abebe pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria. Cheti cha homa ya manjano huanza kutambuliwa siku 10 baada ya chanjo, hivyo chanjo ya mkesha wa safari haisaidii mpakani. Habari njema ni kwamba tangu Julai 2016 cheti hicho hudumu maisha yote. Mifuko ya plastiki iachwe nyumbani. Rwanda iliipiga marufuku mwaka 2008, Kenya Agosti 2017 na Tanzania Juni 2019, na mabegi hukaguliwa.

Kwa vyombo vya majini, jina liandikwe sahihi kwenye orodha ya abiria, na chombo kilichojaa kupita kiasi kiachwe kiende. Kivuko cha MV Nyerere kilichopinduka Ziwa Victoria karibu na Ukara mwezi Septemba 2018 kilikuwa na uwezo wa kubeba watu 101, na waliokufa walikuwa zaidi ya 200. Anayesafiri peke yake hana wa kumvuta mkono amwambie wangoje kingine. Uamuzi huo aufanye akiwa bado ufukweni.

Nani wa kumwamini

Ibn Battuta alisimulia desturi aliyoikuta Mogadishu. Jahazi likiwasili, vijana walilizunguka kwa mashua ndogo wakiwa na sahani za chakula, kila mmoja akimkabidhi mfanyabiashara mmoja na kumtangaza kuwa mgeni wake. Kuanzia hapo mfanyabiashara alifikia kwa mwenyeji huyo, na mwenyeji ndiye aliyemuuzia na kumnunulia bidhaa. Anayeshuka kituo cha mabasi cha Magufuli pale Mbezi Luis, kilichofunguliwa mwaka 2021 kuchukua nafasi ya Ubungo, ataona kitu kinachofanana: kila anayemwita anataka mgeni awe wake. Tofauti ni kwamba mwenyeji wa Mogadishu alijulikana na mji mzima, na akimdhulumu mgeni angeulizwa.

Hicho ndicho kipimo. Wa kuaminiwa ni mtu aliye na mahali pake, ambaye kesho atakuwepo hapo hapo: mwenye kibanda cha vocha, mama ntilie, karani wa ofisi ya tiketi, mlinzi wa msikiti au kanisa, ofisi ya serikali ya mtaa. Msafiri akishuka asisimame katikati ya stendi akitazama simu. Aende moja kwa moja kwenye kibanda cha chai, aketi, aagize, aamkie. Shikamoo iliyotolewa kwa heshima imefungua milango mingi kuliko ramani. Baada ya dakika 15 kelele za wapiga debe zimekwisha, na mama aliyemmiminia chai amekwisha kumweleza bajaji ya kweli ni ya nani.

Upweke nao utakuja, mara nyingi jioni ya pili, wakati mambo mapya yamepungua na usiku umeingia. Hauashirii kwamba safari imeharibika. Dawa yake ni kupanga jioni hiyo mapema: swala au ibada ya mahali, mechi katika kibanda cha kuonyeshea mpira, baraza la kahawa, au kuandika daftari la matumizi. Nyumbani waahidiwe simu kwa saa maalumu, kwa mfano saa 2 usiku, na waambiwe hatua ya kuchukua ikipita saa 4 bila habari. Mzazi aliyepewa saa hatapiga simu kila dakika, na msafiri hatalazimika kujieleza akiwa ndani ya mashua.

Siku tatu za Kilwa

Yote haya yanaweza kuwekwa katika safari moja. Binti anayeishi Dar es Salaam, mwenye likizo ya siku tatu, anataka kuiona Kilwa. Anachagua Julai, kwa sababu masika huweza kuikata njia ya kusini, kama ilivyotokea Mei 2024 mafuriko yalipobomoa barabara maeneo ya Somanga. Ananunua tiketi siku moja kabla, anachukua basi la alfajiri, anavuka mto Rufiji kwa daraja la Mkapa, na hapo Nangurukuru basi linaiacha barabara ya Lindi na kuelekea baharini. Anafika Kilwa Masoko mchana. Chumba ameshakiweka kwa simu. Jioni anatembea hadi gatini, anaulizia mashua ya kwenda Kilwa Kisiwani na bei yake, na kwenda ofisi inayosimamia magofu ya kisiwa hicho kujua kibali hutolewa saa ngapi.

Asubuhi ya pili anaanzia ofisini. Kisiwa hakiingiwi bila kibali, na mwongozaji hupatikana hapo hapo; hii ndiyo sehemu ya safari anayoinunua. Kama wapo wageni wengine anagawana nao mashua, akikumbuka kwamba upepo wa kusi huichafua bahari kadiri jua linavyopanda, kwa hiyo kwenda mapema ni bora. Kilwa Kisiwani, iliyomo katika orodha ya urithi wa dunia tangu 1981, anauona Msikiti Mkuu na kuba zake, kisha anatembea hadi Husuni Kubwa, jumba lenye vyumba zaidi ya 100 juu ya jabali la bahari. Aliyelijenga ni Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule yule aliyempokea Ibn Battuta mwaka 1331 na kusifiwa naye kwa ukarimu.

Adhuhuri anarudi Masoko, anakula samaki na wali kwa mama ntilie aliyemzoea tangu jana, na anakata tiketi ya kesho alfajiri kabla hazijaisha. Saa 2 usiku anapiga simu nyumbani. Kesho yake mchana, jua likiwa bado juu, basi linaingia Mbagala, na safari hii akishuka anajua bajaji ya kuita ni ipi.